Upande Wako wa Benchi

Jericho, Jumapili mchana

Winny wangu,

Huku sote tu wazima. Paa la kanisa limevuja tena, ikabidi tusukume piano hadi ukutani, karibu na ngoma za kwaya. Kiwandani wamenirudisha zamu ya asubuhi, kwa hivyo jioni napata nafasi ya mazoezi.

Nimefurahi kwamba huko chuoni wamekupa kile kinanda cha kale, ambacho nyuzi zake zinadonolewa badala ya kugongwa. Sonata yetu ilitungiwa kinanda kama hicho, kwa hivyo najua utaicheza kunishinda.

Unakumbuka tulivyoigawana, kwa sababu piano ilikuwa moja na sote tuliitaka? Wewe mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Pale ambapo mkono wa kushoto unaruka juu ya wa kulia, ulikuwa unainama kidogo kunipisha, nami nilikuwa nachelewa makusudi kuurudisha.

Nilikutana na mama yako sokoni. Alisema Desemba huji. Kuna jambo lingine alitaka kusema, kisha akaanza kuchagua nyanya. Sikumuuliza.

Basi nimejifunza sehemu ya mkono wako pia. Jana niliicheza yote peke yangu, bila kosa. Mwalimu Nahashon alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Vizuri, Mativo. Lakini mbona unajinyoosha hivyo? Kaa katikati ya benchi."

Nimejaribu, Winny. Bado nakaa kushoto.

Ni mimi,
Mativo