Kaizari na Jina la Sadalla

Mabawa, Tanga
3 Machi, 1956

Kwa mdogo wangu Mwanamkasi, huko Pangani,

Salamu nyingi zikufikie, na baada ya salamu nakuuliza hali yako, na lile goti lako lenye kiburi kuliko mwenyewe. Mimi mzima, ila meno yamebaki mawili, nayo hayasemezani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mwandiko wako kama kuku kapita kwenye majivu. Nimefurahi kwamba Asmahani, mke wa mwanao Idarusi, kajifungua mtoto wa kiume, na akika ni Ijumaa. Waniambia Asmahani ataka mtoto arithi jina la kaka yetu Sadalla. Wewe umekataa, kwa kuwa mama aliusia jina la mtoro lisirithiwe, na wataka aitwe Msafiri, jina langu mimi niliyebeba mizigo ya Kaizari nikarudi hai. Halafu Idarusi auliza hilo neno Kaizari limetoka wapi.

Nianze na jepesi. Mwambie Wajerumani hawakulibuni. Sisi kwenye chuo cha Kurani tulikwisha kumsikia Kaisari wa Rumi kabla wao hawajatia nanga. Nilipokuwa skuli yao, kabla sijatoroka, mwalimu Tadeo alitueleza kwamba Kaisari lilikuwa jina la mtu mmoja wa Rumi, ana mama yake kama sisi, akauawa kwa visu na rafiki zake. Waliomfuata wakalirithi, kama sisi turithivyo majina ya babu zetu, mpaka jina likawa cheo. Wajerumani wakalichukua, na Warusi wakalikata kichwa wakabaki na Zari. Nikauliza kama arithiye jina arithi na visu. Nikala viboko vitano. Na kila siku ya kuzaliwa Kaizari tulisimamishwa juani kumwimbia mtu asiyejua kama tumekula. Wa mwisho, vita vilipomshinda, alikimbilia Uholanzi, na sijasikia mtu akimwita mtoro.

Sasa lile zito. Mwaka ule wa vita vya Mjerumani na Mwingereza wewe na mama mlikuwa Pangani kwa shangazi. Mimi na Sadalla tulikuwa kambini, shamba la mkonge, hakuna aliyetujua kwa sura. Akida wa Wajerumani alikuja kusoma majina ya wapagazi, akaita Msafiri. Nilikuwa nimejibanza chooni. Sadalla, ambaye jina lake halikuwamo, akasimama akaitika. Akavishwa shingoni kibati chenye jina langu, akaenda. Mimi nikajificha Pongwe mpaka vita vikaisha. Huko alinijia Laurenti, aliyebeba mizigo pamoja naye, akaniambia Sadalla kafa kwa kuhara ng'ambo ya Rufiji, na wenzake wamemzika kwa jina langu. Nilimwomba anyamaze, akanyamaza mpaka kufa kwake. Zile hadithi za vita ninazowachekesha nazo ni za Laurenti.

Niliporudi, mama alidhani natoka vitani. Alinikumbatia, akanichinjia jogoo. Nikala. Aliponiuliza Sadalla yuko wapi, nikasema kavukia Mombasa kukimbia mizigo. Mwanamkasi, wosia ule wa mama niliuzaa mimi, kwa mdomo wangu.

Ukiona haya kuisoma barua hii mbele za watu, mpe Idarusi aisome kwa sauti. Mwambie Asmahani yeye ndiye mwenye haki. Ijumaa nitakuja kwa basi la asubuhi, nisimame mlangoni, na kuniingiza au kunifukuza ni juu yako. Hata ukinifukuza, mtoto aitwe Sadalla.

Nisalimie wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Wasalaam,
Ni mimi kaka yako,
Msafiri