Neno la Kuandika Kuhusu Mama Nashipae

Kitengela,
Alhamisi jioni

Mpendwa Baba,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba goti limepunguza hasira. Nyanya yangu Kukhu je, ameanza kula vizuri? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, halafu unanyimwa raha ya kunisahihisha kwa wino mwekundu. Leo nahitaji mwalimu wa Kiingereza kuliko nilivyomhitaji nikiwa darasa la saba.

Huku ni vumbi tu. Mvua imekosa kwa mara ya pili. Ofisi yetu, hii inayopelekea watu maji kwa lori, ilinituma Ewuaso Kedong kuwauliza wakazi wanaishije, kisha niandike maneno yao kwa Kiingereza wafadhili wasome. Wakiona hali ni mbaya, lori linaendelea kwenda. Wakiona watu wanajiweza, linahamishwa.

Nilifika kwa Mama Nashipae, mjane aliyebaki na ng'ombe mmoja asiyeweza kusimama mwenyewe. Kila asubuhi majirani wanakuja kumwinua, wengine wakivuta mkia, wengine wakiingiza mikono chini ya tumbo. Nami niliweka kalamu mfukoni nikashika. Ni mbavu tupu, Baba. Ng'ombe aliposimama, akitetemeka, Mama Nashipae alijifuta mikono akaniambia, "Tunasukuma tu, madam."

Niliandika "they are holding out". Mkubwa wangu, Bwana Njoroge, akafuta na kuweka "they are coping".

"Nafula, si zote ni kuvumilia tu?" alisema. "Wafadhili wanataka kuona wamesaidia. Ukiwaandikia watu wamefika mwisho, watasema project imefail. Mimi pia niko na watoto."

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuyatenganisha maneno haya. Anaye-"cope" mzigo ni mzito lakini anaumudu. Anaye-"endure" amekaa chini yake na hakuna ajuaye hadi lini. Anaye-"hold out" bado ameshikilia, ila nguvu zinamwisha na anangoja mtu afike. Mama Nashipae anangoja lori. Nilipomweleza hivyo Bwana Njoroge, alinijibu kwamba hapa si darasani, nitie sahihi kabla ya Ijumaa, na nikumbuke mkataba wangu unaisha mwezi huu.

Aliyenivuruga zaidi ni Mama Nashipae mwenyewe. Nilimpigia simu nikamweleza tofauti ya maneno hayo, nikidhani ataniunga mkono.

"Andika hiyo ya kusema tunajiweza," akasema. "Usinipeleke kwa watu wa mbali kama mtu ameshindwa na ng'ombe zake."

Nilikasirika, halafu nikaona aibu kwamba nimekasirika. Ni maisha yake, si yangu.

Leo mchana alinipigia yeye. Ng'ombe amekataa kuinuka. Hakulia, wala hakutaja mazungumzo yetu. Aliuliza tu, "Lori ya maji, itakuja?"

Nilimwambia itakuja. Nilipokata simu nilifuta neno la Bwana Njoroge, nikarudisha langu, nikatia sahihi na kutuma bila kumwonyesha. Sasa hivi nimekaa hapa naogopa.

Nisalimie Kukhu, kaka Wekesa na mke wake, na yule mzee wa kanisa anayekuuliza kila Jumapili kama nimepata mchumba. Mwambie bado, na kwamba huenda mwezi ujao nikarudi nyumbani bila kazi pia. Hilo nitaliweza, Baba. Lakini lori lisipofika Ewuaso, nitakuwa nimemvua yule mama heshima aliyoniomba nimtunzie, na maji sikumpelekea.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka sana,
Nafula