Sidai Hataki Matangazo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Yeyo, mama mkwe wangu, ameondoka leo kwenda Matasia. Binti yake Naipanoi amejifungua, na harudi mpaka mtoto atoe mashavu. Nimebaki na boma lote hapa Kisaju — na Sidai!

Sidai ndiye ng'ombe wetu wa maziwa. Yeyo humwimbia akimkama, kama mama yake alivyomfunza, na bila wimbo Sidai hashushi kitu. Mimi ni binti wa Kikuyu kutoka Kinangop. Nikiimba kanisani, watu wa viti vya mbele hugeuka kutazama. Kwa hivyo nimetundika simu kwenye nguzo ya zizi nikapiga kwaya ya kina mama wa Kimaasai. Ndoo ikajaa! Ashe oleng, asante sana, nikamwambia. Nimecheka peke yangu mpaka jikoni.

Jumanne, 4 Machi

Nilishangilia mapema. Katikati ya kukama, wimbo — kimya! Sidai akainua mguu, ndoo chali, maziwa yote yakanywewa na vumbi. Kwenye kioo cha simu: akaunti inatumika kwenye simu nyingine.

Simu nyingine ni ya mume wangu. Meitamei yuko Magadi, kiwandani. Akitoka zamu ya usiku anataka muziki wake wa kulalia. Tuna akaunti moja ya muziki, ya Zambarau (programu yenyewe ina jina lake refu, mimi huziita zote kwa rangi). Akipiga yeye, mimi nanyamazishwa. Nilimpigia nikiwa nimewaka. Akacheka! Eti pole, nimpe Sidai salamu. Ngoja aje, atakunywa chai ya strungi, bila tone la maziwa.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimejaribu ya bure, ile ya Bluu. Kwaya ipo. Lakini nyimbo mbili tu, mwanamume akaingia akipiga kelele za kuuza magodoro. Hata mimi niliruka. Sidai hataki matangazo na simlaumu.

Jioni, Manjano. Haina matangazo, sauti safi kabisa. Kwaya haina! Ikanipendekezea mtu wa ng'ambo na gitaa lake, anaimba kama ana homa. Sidai hakupiga teke. Alisimama tu kwa adabu, akayazuia maziwa yote. Nimepata ya chai, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda Kitengela kununua pumba, nikapita kwa Munguti, fundi wa simu. Akauliza kwa nini sishushi hizo nyimbo zikae ndani ya simu. Nikamwambia imejaa.

"Si ufute picha, madam."

Akafungua. Meitamei na ndama. Meitamei akirekebisha ua. Meitamei amelala mdomo wazi siku ya Krismasi. Mtu anakuja mara moja kwa mwezi, nami nimfute? Nikakataa.

Basi, akasema, nichukue Zambarau ya watu wawili. Kila mtu na yake, hakuna kukatizana. Kumbe dawa ilikuwa hapo siku zote! Nikabonyeza nikiwa bado nimesimama dukani. Ndipo likaja sharti: hao wawili lazima wawe wanaishi nyumba moja. Je, mnaishi nyumba moja?

"Si ni mzee wako? Weka ndiyo," Munguti akasema.

Nikarudisha simu kwenye mkoba. Nikamwambia nitamalizia nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Mahubiri sikuyasikia vizuri. Swali la jana linanizunguka kichwani.

Nina maisha mazuri, sidanganyi. Nampenda Yeyo, nalipenda boma, hata upepo wa Kisaju nimeuzoea. Na Meitamei ni mtu mzuri. Lakini mwezi uliopita, akifunga begi lake hapa kitandani, alisema, "Acha niende nyumbani kabla jua likuwe kali." Nyumbani — Magadi! Kwenye ile nyumba ya kampuni na feni yake! Yeye mwenyewe hakusikia alichosema. Mimi nilisikia. Viatu vyake vya kanisani pia viko huko siku hizi.

Naogopa. Ndiyo hivyo, nimeandika.

Yeyo amepiga baada ya chakula. Mtoto ananyonya vizuri, ana nywele nyingi. Nikamweleza habari za Sidai na rangi zangu zote. Akasikiliza, akasema, "Ng'ombe hapana taka simu. Taka mtu. Wewe imba." Rahisi kwake!

Jioni nimejaza ile fomu ya Zambarau. Anwani yangu: Kisaju. Nikamtumia Meitamei mwaliko. Naye ataulizwa anwani yake, na isipofanana na yangu tunakataliwa. Sikumwambia aandike nini. Nataka kuona.

Jumatatu, 10 Machi

Kimya. Meitamei hajajibu mwaliko, na kwaya ilimaliza kuimba bila kukatizwa. Leo ndiyo nilitaka ikatizwe.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi hii! Ndoo iko nusu, Sidai anacheua, kwaya imechangamka — kimya. Ametoka zamu, kashika simu. Mguu wa Sidai ukaanza kupanda. Sijui nilifikiria nini. Nikaimba! Ule wimbo wa Kikuyu mama alioutumia kutubembeleza, nusu maneno, nusu kuguna. Kuku wote wakatoka zizini. Sidai akageuza shingo akanitazama kwa muda. Kisha mguu ukashuka, na maziwa yakaja, kidogo kidogo, lakini yakaja.

Nikiwa ubeti sijui wa ngapi, meseji. Mikono imelowa, nikaisoma kwa kuinamia.

"Waithera hii kitu inataka address. Nyumbani umeandika aje, Kisaju tu ama na box number? Isije ikakataa."

Nyumbani, ameandika.

Nilimaliza kukama nikilia na kuimba, mambo mawili ambayo hayafai pamoja. Sidai alivumilia. Nikanawa mikono, nikamjibu: Kisaju tu.

Sasa nimekaa juu ya debe mlangoni, simu mapajani. Ananiambia ameshabonyeza. Kwenye kioo kuna kaduara kanazunguka, kanazunguka. Hii network ya Kisaju! Chai inachemka huko ndani, itamwagika. Sitoki hapa. Kazunguke tu —