Laini ya Kahambu Ina Jina Langu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize kwa sababu nimefunga kibanda mchana kweupe, mimi ambaye sijawahi kufunga siku ya soko. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Mpondwe, Bwera, na wateja wangu wengi ni akina mama wa Kongo wanaoleta mawese na maharage, wakishauza hawataki kurudi na noti kwa sababu ya majambazi wa njiani, basi wanaziacha kwenye simu, ila kusajili laini huku kunataka kitambulisho cha Uganda na wao hawana, kwa hiyo nawasajilia kwa jina langu, si mimi peke yangu, mawakala wote hapa tunafanya hivyo, na kwa kuwa wanasahau namba ya siri, nimewawekea wote namba moja ili nisichanganyikiwe.

Sasa mmoja wao, Kahambu wa Butembo, ambaye ananiita dada na mimi namwita dada kwa sababu lugha yetu ni moja na mpaka tu ndio umetugawa, hajaonekana sokoni, simu yake haipatikani, na mtaji wake wote umo humo. Amekuja shemeji yake, Mbusa, yule anayemsukumia mizigo kwa baiskeli, uso ninaoujua, akaniambia, "Mama, Kahambu iko mugonjwa sana, tuko naye ku hopitali kule Butembo, telefone yake ilipotea mu njia. Laini iko mu jina yako, unaweza toa ingine. Namba ya siri unajua. Nipatie ile franga tumutunze."

Na kweli naweza, Mshauri, hilo ndilo linaloninyima usingizi, nikienda na kitambulisho changu dukani Bwera wananipa laini mpya hapo hapo, ile ya zamani inakufa, nabonyeza namba ya siri na pesa zinatoka, hakuna wa kuniuliza. Mume wangu Ezironi anasema toa, mtu asife kwa ajili ya namba, lakini moyo wangu unakataa, nikimpa Mbusa na kumbe ni mwongo nitamtazamaje Kahambu, na nikimnyima na kumbe ni kweli, nitamzika nikijua dawa yake ilikuwa mkononi mwangu. Mbusa anarudi Ijumaa. Nifanye nini?

Docus, Mpondwe

JIBU

Docus (wasikilizaji, majina yote nimeyabadilisha), pole sana. Nakujibu leo hii hewani kwa sababu mgonjwa hangoji zamu.

Kwanza nikukaripie. Unamwogopa Mbusa, lakini Mbusa hawezi kutoa hata shilingi bila wewe. Kwa kampuni ya simu, Kahambu hayupo kabisa, yupo Docus tu. Ulitaka kumsaidia, najua, ila umeshika mlango na ufunguo wa watu wazima wenye akili zao, na namba yenyewe ni moja kwa wote! Mama mmoja akiitamka kwa sauti pale kibandani, amewatangazia wenzake wote. Na kusema mawakala wote wanafanya hivyo hakukusafishi, mama.

Sasa sikiliza. Leo nenda ofisi ya kampuni, laini hiyo waifunge kwa muda, maana kama simu imepotea kweli, aliyeiokota anaweza kuijaribu. Usichukue laini mpya kwanza. Jumanne watakuja akina mama wa Butembo, wengine wamepanga nyumba jirani na Kahambu. Mwombe mmoja aende hospitali amwone kwa macho yake, akupigie akiwa kando ya kitanda, umsikie Kahambu mwenyewe akisema pesa ziende kwa nani. Hawezi kusema? Basi aseme mumewe na mama yake mzazi, wote wawili, si shemeji peke yake. Ijumaa Mbusa akija, mweleze hivyo hivyo bila kumwita mwizi. Mkweli ataudhika lakini atakuelewa. Na Ezironi mwenye huruma atoe cha mfukoni mwake, mkitume kwa huyo huyo mama, akilipe kwa mhasibu wa hospitali.

Wateja wengine waite mmoja mmoja. Kila mtu abadilishe namba yake ukiwa umempa mgongo, na umwambie wazi kwamba laini ile kisheria ni yako, aamue mwenyewe kama bado anataka kuweka mtaji humo. Wengine watahama. Waache wahame.

Jambo la mwisho, na hili limeniuma. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza laini, kitambulisho, namba ya siri, hata maneno ya mumeo. Huyo ni dada yako, na mahali popote hukuandika kwamba ulimuuliza Mbusa anaumwa nini.