Vita Vilipotangazwa Nami Naoa

Burnsville, Marekani, 9 Machi 1991

Rehema, mjukuu na mchumba wangu,

Leo ni mwaka mmoja tangu niondoke Morogoro. Hapa kwa mjomba wako tu wazima, ingawa kufagia ghala kumenichosha mgongo.

Unauliza kama tuliogopa vita vilipotangazwa mwaka 1939. Nilikuwa dereva makao makuu ya jeshi la Waingereza, Dar es Salaam. Maofisa walitoka kusikiliza redio, na mkubwa wao akafuta ruhusa zote.

“Bwana, kesho naoa,” nikamwambia.

“Vita vimeanza, wewe unaoa?”

“Vita vitanisubiri, Bwana. Baba mkwe hanisubiri!”

Wakaangua kicheko, hata yeye.

“Nenda! Keshokutwa uwe hapa.”

Ndivyo nilivyomwoa bibi yako. Tuliogopa, ndiyo, lakini maofisa wale walinishangilia kama ndugu zangu.

Nitarudi Juni, masika yakiisha.

Babu yako