KIKAO CHA KUHAMISHA NGUO ZA MALAIKA KUTOKA NYUMBANI KWA KATIBU

Kumbukumbu hizi zimeandikwa na Katibu wa Kamati ya Mavazi ya Igizo la Krismasi, Anania Simbeye, ambaye kuanzia Mpemba hadi ng'ambo Nakonde inafahamika kwamba bila yeye Mamajusi wangefika Bethlehemu wamevaa kaptura.

TAREHE: Jumamosi, 29 Novemba 2025
MAHALI: Sebuleni kwa Katibu, mtaa wa Sogea, Tunduma

WALIOHUDHURIA:
Mzee Yesaya Silwimba – Mwenyekiti
Roda Sichone – Mjumbe, fundi
Atuganile Kibona (Mama Diana) – Mjumbe, mzazi wa malaika
Anania Simbeye (Baba Brenda) – Katibu, mwenye nyumba, mwenye kazi yote

ASIYEHUDHURIA: Watson Siame (Herode), kwa udhuru. Yuko Kamsamba kwenye ng'ombe.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi kuliko kawaida yake. Katibu aliwakaribisha wajumbe chai na mihogo. Mwenyekiti alisema, "Baba Brenda, leo tuanze na kazi." Chai ilipoa.

KUMB. NA. 2/11/2025: UPIMAJI WA MALAIKA
Mama Diana alitaka kujua kwa nini binti yake ameitwa kupimwa mara tatu na hadi leo hana hata mkono wa kanzu. Katibu alifafanua kitaalamu kwamba kipimo cha kwanza kilichukuliwa watoto wameshiba, cha pili wana njaa, hivyo kilihitajika cha tatu cha kusuluhisha. Mama Diana alisema, "Kila akitoka huku anarudi na mandazi mfukoni na habari za simba wa Ndalambo uliyemshika mkia. Nguo harudi nayo." Katibu aliomba iandikwe sawasawa kwamba hakuwa simba. Alikuwa chui, tena walikuwa wawili.

KUMB. NA. 3/11/2025: CHEREHANI
Katibu alieleza kwamba kuchelewa kumetokana na cherehani, mali ya mkewe Ferista. Zamani ilishona suti za harusi huko Ikinga kwa mbio hadi ikabidi ifungwe kamba isitoke nje, lakini siku hizi inakata uzi. Roda aliomba kuijaribu. Alikaa, akatunga uzi, akashona pindo la kanzu kutoka mwanzo hadi mwisho na uzi haukukatika. Wajumbe walilitazama pindo. Katibu alisema cherehani ile huwa inaona aibu kwa wageni.

Mwenyekiti alisema, "Ndugu yangu, kwa mwendo huu Ferista atarudi akute malaika wana ndevu." Wajumbe walicheka. Katibu alikifahamisha kikao kwamba mkewe yuko Kitwe kwa binti yao Brenda, aliyejifungua. Kwamba alikwenda kwa wiki mbili. Na kwamba mjukuu sasa anatembea. Kicheko kiliisha. Roda aliomba waendelee.

KUMB. NA. 4/11/2025: KUHAMISHA KAZI
Mwenyekiti alipendekeza nguo zote zihamie nyumbani kwa Roda, mtaa wa Majengo, ambaye ana cherehani yake. Katibu alipinga. Aliuliza nani atawapima watoto. Aliambiwa wameshapimwa. Aliuliza nani atachemsha chai. Mama Diana alisema, "Malaika hawanywi chai, Baba Brenda."

Katibu alipendekeza basi walau kujaribisha nguo kubaki hapa, maana sebule yake ina kioo kirefu kuliko vyote Tunduma, na madereva wa malori hutoka foleni ya mpakani kuja kukitumia kunyolea ndevu. Roda alisema hata kwake kioo kipo.

Roda alisema pia, tena kwa upole, "Lakini wewe njoo, anko. Utatusaidia kukata nyuzi." Katibu alijibu kwamba mtu wa cheo chake hakati nyuzi. Katibu anaomba jibu hilo lisihesabiwe.

UAMUZI: Nguo zichukuliwe leo leo. Waliokubali ni watatu. Aliyepinga ni mmoja, na jina lake halina haja ya kuandikwa.

KUMB. NA. 5/11/2025: MENGINEYO
Hayakuwepo. Katibu aliuliza tena kama yapo. Hayakuwepo.

KUMB. NA. 6/11/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alimshukuru Katibu kwa sebule yake na kufunga kikao saa kumi na nusu jioni. Bajaji ilipakiwa kanzu, mabawa, mataji, satini na ile kanzu yenye pindo jipya. Wajumbe waliondoka pamoja, wakizungumza. Mihogo ilibaki kama ilivyopakuliwa.

MWENYEKITI: ........................ (atasaini akishasomewa)

KATIBU: A. Simbeye

NYONGEZA YA KATIBU: Mama Diana asimlaumu dereva wa bajaji kwa bawa moja la Diana kutoonekana kule Majengo. Liko hapa, nyuma ya kabati. Katibu ndiye aliyeliweka wakati wenzake wanapakia. Halijapinda. Anayelihitaji asitume bodaboda. Aje mwenyewe apige hodi, hata asubuhi, hata siku ya kazi. Nipo.