Nilifunga Sauti ya Mwalimu

Tawa, Jumapili

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na mvua, imeshuka huko Nuu au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii.

Katika barua iliyopita nilikuambia nimepandishwa kazi hapa kwenye kituo cha kompyuta, niwe mpiga chapa. Najua umeshawaambia wenzako wa mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana kazi. Mama, kazi hiyo nimeirudisha leo. Naomba unisikilize kabla hujakasirika.

Ilikuwa kazi ya Mwalimu Musyoka. Yeye haoni. Asubuhi anaandika mitihani ya shule kwenye kompyuta yetu, nayo inamsomea kwa sauti kila anachoandika. Mchana naitumia mimi, kuingiza nyimbo za kwaya kutoka kwenye kaseti. Zamani programu yangu ikishika sauti, ya Mwalimu inakuwa bubu mpaka niifunge. Ndipo Kioko, fundi wetu, akaleta mfumo mpya wa kuendesha kompyuta, Linux, wenye kitu anachokiita seva ya sauti. Programu zote zinaikabidhi sauti zao, nayo inazipeleka kwenye spika pamoja. Programu yangu ni ya zamani, haikuijua hiyo seva, ikawa inanyamaza tu. Kioko akanionyesha neno la kuandika mbele ya jina lake ili ipitie huko. Ikaimba! Nilipiga makofi, halafu nikaona haya.

Sasa kosa langu. Wewe ulinifundisha nikishateka maji mtoni nisiache kisima cha mchangani wazi, nirudishe miiba mbuzi wasiingie. Basi kila jioni nikimaliza kazi niliifunga programu yangu na ile seva pia. Niliona ni adabu. Kompyuta yenyewe hatuizimi, kwa hivyo ilikaa hivyo mpaka asubuhi, na sauti ya Mwalimu ikakosa pa kupitia. Kioko hufika saa sita na kuniwashia seva tena, kwa hivyo mimi sikuona kitu.

Yeye alikuta kimya, hakusema. Aliogopa mashine ikionekana mbovu itarudishwa Nairobi. Akaandika hivyo hivyo kwa kukumbuka. Mitihani ikatoka na maneno yaliyokatika, watoto wakacheka. Bi Ndunge, msimamizi wetu, akamwambia mbele ya watu, "Mwalimu, vidole vimezeeka. Enda upumzike, utusaidie na maombi." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Mimi nikapewa kiti chake.

Asubuhi yangu ya kwanza pale, programu yangu pia ilikataa kutoa sauti. Nikatazama, seva imefungwa. Nani aliifunga? Ni mimi. Nikamwendea Bi Ndunge nikamweleza. Akasema, "Kasichana, nyamaza. Mungu akikupa kiti, kalia."

Nikanyamaza, Mama. Na jioni hiyo ndipo nilikuandikia ile barua ya furaha. Nilikuwa najua tayari. Hilo linaniuma kuliko yote.

Jana nilienda nyumbani kwa Mwalimu. Sikuweza kumtazama usoni, ingawa haoni. Nikasema yote, hata habari ya miiba.

"Kwani wewe ni wa wapi?"

"Wa Nuu, Mwalimu."

"Ai! Na hapa kituoni uliona mbuzi gani?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Naye akasugua mikono yake. Kisha akauliza polepole, "Kwa hivyo vidole vyangu ni vizima?"

"Ni vizima, Mwalimu."

"Sema tena."

Nikasema tena.

Leo baada ya kanisa nimemwambia Bi Ndunge kwamba kiti kina mwenyewe. Amekubali huku amenuna, sijui kama ataniacha hata na kazi yangu ya kaseti. Kesho Mwalimu anarudi kazini.

Nisalimie baba, na susu, bibi yangu ambaye nimebeba jina lake, na mdogo wangu aliyerithi kitanda changu. Wenzako wa mwethya nao wasalimie, na uwaambie ukweli. Kama watacheka, wacha wanicheke mimi.

Binti yako anayekupenda,
Mwende